Jogoo wa Hamda

Jumatano, 1 Machi 1978. Ibra, Omani.
Jirani yangu Khelef kaniharibia siku. Barazani, mbele ya watu, katoa beji yake ya uchaguzi wa Unguja, ile ya jogoo, alama ya chama. Eti ya madini ya fedha tupu. Beji zangu zote ninazokusanya kaziita makopo ya biskuti. Nimecheka na wenzangu huku roho inaniuma.
Lakini mke wangu Hamda anayo ya jogoo pia. Aliivaa siku aliyopiga kura, akatoka nayo Unguja wakati wa mapinduzi, kaishonea kwenye pindo la kanga. Hakutoka na kitu chengine. Nzito, inang'aa. Hiyo ndiyo fedha.

Alhamisi, 2 Machi.
Nimemwomba. Kakataa katakata, hata kuigusa nisiiguse. Basi nimeichukua alipokwenda kumtazama mzazi aliyejifungua juzi. Naazima tu.

Ijumaa, 3 Machi. Nizwa.
Nimepanda pikapu ya Sleyum, anayepakia abiria, mpaka kwa sonara, aipime beji athibitishe ni fedha. Hapa watu humletea fedha kuukuu aiyeyushe, awafulie mpya. Sikuliwaza hilo. Nimempa beji, nikajisifu kuwa ni fedha safi, nikazama kwenye salamu: watu hawajambo, mvua je, kahawa, tende. Kugeuka, jogoo yumo chunguni, mkia ushalegea!
Mzee kakasirika kwa kupotezewa moto wake. Kasema bati na risasi, shaba kidogo. Kanirejeshea kibonge cha kijivu.

Jumamosi, 4 Machi. Ibra.
Nimemwambia Hamda. Hakunitukana, bora angenitukana. Kakishika kile kibonge mpaka chai ikapoa. Kisha kauliza kama japo jicho la jogoo limesalia. Nikasema la. Nimeona haya, wallahi.

Jumatatu, 6 Machi.
Khelef kasikia. Nikajua leo nimekwisha. Kumbe kaja na mkewe Azza, kampa Hamda beji yake mwenyewe. Kasema, dada, ichukue, mie siku ile nilikuwa na homa, hata kura sikupiga. Hamda kalia, kisha kacheka, kaipachika kifuani. Nimemkumbatia Khelef mbele ya watu. Nimeapa sitogusa tena kitu cha mtu.

Jumanne, 7 Machi.
Hamda yumo chooni anaoga, beji kaiacha juu ya mto. Nimeinyanyua kidogo tu.
Nyepesi. Nyepesi mno kwa fedha.
Sleyum anakwenda Nizwa Ijumaa. Safari hii, kabla ya salamu, ntamwambia sonara asiyeyushe, akwangue ukingo tu. Sleyum kashaniwekea nafasi garini.