Nyuzi Kumi za Dobi

Jumapili, 6 Juni

Uzi wa tatu ulikatika jana ukumbini, katikati ya wimbo. Nikaendelea na tisa zilizobaki. Nilidhani hakuna aliyegundua.

Leo asubuhi Kiongozi wa bendi kaja dukani, shati lake la kufuliwa mkononi, akauliza nyuzi za gitaa langu nilizibadilisha lini. Nikamwambia si muda mrefu. Akauliza si muda mrefu ndiyo lini. Nikamwambia mwaka juzi.

Akaliweka shati mezani. Kisha akasema Jumamosi binti yake anaolewa, na binti kataka wimbo wa kuingilia ukumbini upigwe na gitaa langu. Lakini uzi ukikatika tena, hata mazoezini, wimbo atapewa Vidole.

Vidole ni mpiga kinanda wetu. Kinanda chake kina kitufe kinachoiga sauti ya gitaa la pedali. Kitufe! Mimi nimehangaika miaka ishirini na sita na hili gitaa lililokaa kama meza ya kupigia pasi: kulia nakwanyua, kushoto natelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu iko kwenye pedali, magoti yanasukuma vyuma huko chini. Vidole anabonyeza.

Nikamwambia Kiongozi asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote nimebaki nao mimi. Nina miaka hamsini na mitatu na kitufe hakizeeki.

Jumatatu, 7 Juni

Mke wangu kauliza kwa nini nisiweke nyuzi mpya, mambo yakaisha. Anauliza huku anapiga pasi, hata hanitazami. Kwake kila jambo ni jepesi.

Siwezi. Mwezi jana, wakati wa chai, Vidole aliniuliza mbele ya bendi nzima nyuzi za pedali hubadilishwa kila baada ya muda gani. Alijua jibu, mnafiki yule. Alisema kasikia wapigaji wenzangu wa pedali hubadilisha kila mwezi, na uzi wa tatu kila wiki mbili, kwa sababu ndio mwembamba kuliko wote na pedali huuvuta na kuuachia mpaka unachoka. Nikamjibu kwamba mpigaji hasa habadilishi, anatunza. Mimi ni dobi. Nguo ikichafuka haitupwi, inafuliwa. Watu wakacheka, wakanipigia makofi, kichwa kikavimba. Sasa nikitokea na nyuzi zinazong'aa, Vidole ataziona kabla sijakaa kwenye kiti.

Pakiti mpya ninayo. Iko ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, mwaka wa sita huu. Naitunza kwa ajili ya siku kubwa. Mke wangu kauliza harusi ya mtoto tuliyemlea wote si siku kubwa. Nikamwambia ni kubwa, lakini huenda ikaja kubwa zaidi. Akarudi kwenye pasi yake.

Jumanne, 8 Juni

Nimepata mpango. Sijui kwa nini sikuufikiria zamani.

Nitazifua.

Nimevua nyuzi zote tisa. Nimeongeza uzi wa tatu wa akiba niliouvua zamani kabla haujakatika. Jumla kumi. Kila mmoja nimeufunga kikaratasi cha namba, vile vile tunavyofungia nguo za wateja, moja mpaka kumi. Nikazitia kwenye sufuria na sabuni ya unga, nikachemsha dakika kumi na tano. Maji yalitoka meusi. Nilifurahi sana kuyaona. Nikamwita mke wangu aje ayaone. Kaja, kayatazama, kauliza kama nitazipiga na pasi.

Nikazianika kwenye kamba kwa vibanio. Mteja mmoja kaja kuchukua suruali zake tatu. Kazitazama nyuzi muda mrefu, kisha kazihesabu suruali zake mara mbili.

Jumatano, 9 Juni

Manyunyu ya mvua asubuhi. Nimekimbilia uani, kamba tupu.

Kumbe mama mkwe kaziwahi. Mama mkwe ni fundi cherehani. Hukaa kwenye kona ya duka letu, anashona vifungo na kurekebisha zipu za nguo tunazofua. Kazianua nyuzi zangu, kazipangusa mmoja mmoja na kitambaa kikavu, kazizungushia kwenye kipande cha boksi, namba zote mahali pake, moja mpaka kumi. Kazi safi. Nikamshukuru mpaka akaniambia basi, inatosha, mwanangu.

Baada ya chakula cha mchana nimezifunga kwenye gitaa kwa kufuata namba. Sikuzikaza mpaka sauti zake. Uzi uliofuliwa unahitaji kupumzika kwanza. Hili nimelitunga mwenyewe lakini lina akili ndani yake.

Ijumaa, 11 Juni

Mazoezi ya mwisho. Nimefika mapema, nimevaa shati jeupe. Vidole alikuwa ameshafika, anakunywa chai, kikombe juu ya kinanda. Kainama juu ya gitaa langu, kauliza mbona nyuzi zinanukia sabuni. Nikamwambia anuse mambo yake.

Nikaanza kukaza. Uzi wa kwanza ulikuwa umelegea, nikakaza tu mpaka ukatii. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa mgumu ajabu. Nikajikaza kisabuni na nao nikaukaza. Ulikuwa umebakiza kidogo tu kufika sauti yake.

Ukakatika. Kipande kikaruka kikaangukia ndani ya chai ya Vidole.

Kiongozi hakugomba. Angegomba ningejisikia vizuri zaidi. Alimtazama Vidole tu, na Vidole akabonyeza kitufe, akaupiga wimbo wa bibi harusi tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulitoka vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nikakunja miguu ya gitaa, nikarudi nyumbani.

Nimemwuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kama aligusa vile vikaratasi. Akasema ndiyo, alivirekebisha. Aliona uzi niliouandika wa kwanza ni mnene kuliko wa tatu, akajua macho yangu yameanza kuchoka, akazipanga upya kutoka mwembamba mpaka mnene kama anavyopanga sindano zake. Hakutaka kuniaibisha kwa kunieleza.

Gitaa hili halipangwi hivyo. Kwenye gitaa hili mwembamba kuliko wote unakaa wa tatu, na mimi niliuweka wa kwanza. Mnene, uliokaa mahali pa wa tatu, nikauvuta juu mpaka ukakata roho. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nikamwambia asante mama, umefanya la maana. Mke wangu aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Basi nikapiga moyo konde, nikapanda juu ya kiti, nikashusha kopo la biskuti. Siku kubwa ndiyo hii. Nikafungua pakiti.

Kutu tupu, nyuzi zote kumi. Miaka sita juu ya kabati, hazijapigwa hata mara moja, zimeliwa zimekwisha.

Nilikaa kitandani na pakiti mapajani. Binti wa Kiongozi alipokuwa mdogo alikuwa analala chini ya gitaa langu wakati wa mazoezi, kichwa karibu na pedali. Nilikuwa napiga bila kuzikanyaga ili nisimwamshe, na Kiongozi alikuwa ananilaumu kwamba wimbo hauna ladha. Kesho anaolewa na atapigiwa kitufe. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu humu hasomi mtu.

Jumamosi, 12 Juni

Asubuhi mlango umegongwa. Vidole. Kasimama na bahasha mkononi, hataki kuingia, hataki kukaa. Ndani ya bahasha pakiti mpya ya nyuzi kumi, na uzi wa tatu mwingine wa akiba.

Akasema jana bibi harusi alimpigia simu. Baba yake alikuwa amemweleza yaliyotokea. Hakulalamika, alisema tu sawa, kisha hakusema kitu tena, na Vidole hakuweza kuuvumilia ule ukimya. Akasema kitufe chake kinatoa sauti, lakini bibi harusi akipunguza mwendo mlangoni hakijui kumngoja. Kisha akaniomba nibadilishe kila mwezi kama watu wote, na wa tatu kila wiki mbili, na kwamba yeye hatamwambia mtu. Nikamkaribisha chai. Akaikagua kabla ya kunywa.

Tumezifunga sote wanne kwenye meza ya kukunjia nguo. Vidole alikuwa anakaza, mke wangu anapangusa, mimi nasikiliza sauti. Mama mkwe alikuwa anasoma namba kwenye vibahasha vya nyuzi. Alipofika wa tatu aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, mama. Akauliza tena.

Ukumbini mlango ukafunguliwa, nikaanza. Bibi harusi aliingia hatua mbili akasimama, gauni limemzonga miguuni. Kanyaga pedali, ngoja. Uzi wa tatu ulipanda ukabaki huko juu, unalia taratibu, hautikisiki. Nikamshikia ile sauti mpaka akajitengeneza, nikaiachia alipoinua mguu. Alipofika karibu na jukwaa hakumtazama bwana harusi, alitazama chini ya gitaa, mahali alipokuwa analala. Kisha akanitazama mimi.

Kiongozi alijifuta uso kwa mkono wa shati nililomfulia juzi. Vidole alikuwa amezima kinanda kabisa. Sijawahi kupiga vile, na sitaki kujidanganya kwamba ni mimi peke yangu. Zilikuwa nyuzi.

Jumapili, 13 Juni

Nimeamka na furaha. Kiongozi katuma salamu. Mke wangu kanipikia mayai mawili bila kuombwa. Vidole kaja na karatasi yenye tarehe za kubadilisha nyuzi mpaka mwisho wa mwaka, kaibandika ndani ya sanduku la gitaa. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nimemwambia nimejifunza, tena sana.

Na kweli nimejifunza. Nyuzi zile ni nzuri mno. Uzi wa namna ile si wa kuchosha kwenye mazoezi, wala kwenye hafla za watu tusiowajua. Binti naye iko siku atapata mtoto, na mtoto atakuwa na sherehe.

Kwa hiyo mchana, mke wangu alipotoka, nimezivua zote kumi. Nimezipangusa vizuri, nimezirudisha kwenye pakiti. Kwenye gitaa nimerudisha zile nilizofua, safari hii kwa mpangilio wake. Palipopungua nimechukua mmoja katika zile za kutu, nikauchemsha dakika thelathini badala ya kumi na tano.

Pakiti nimeiweka ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Nimetafakari sana habari ya kutu. Kosa langu lilikuwa unyevu. Leo nimemwagia konzi mbili za chumvi humo ndani, maana chumvi hunyonya unyevu, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Sasa zitakaa hata miaka kumi.