Ombi la Cheti cha Udhaifu wa Binti Yangu

Kwa Kapteni Insaf,
Mwalimu na mwenye jimu ya kunyanyulia vyuma, iliyokuwa ghala la mbao,
Nyuma ya soko la samaki, Dumyat.

YAH: CHETI RASMI, CHENYE MUHURI, KWAMBA RABAB HANA NGUVU

Ndugu Kapteni,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaotoka jasho chini ya paa lako. Mimi ni Fikri Abdel-Gawad, karani mstaafu wa ofisi ya vizazi na vifo, baba wa Rabab, yule anayekuja kwako jioni na mkoba wa kijani. Si kawaida yangu kulalamika kwa maandishi ila pale inapolazimu, na katika maisha yangu imelazimu mara nyingi. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na mikono yako ikiwa mitupu.

Utakumbuka kwamba nilimleta binti yangu kwako ili apungue. Harusi ilikuwa inakaribia, gauni limeshonwa kwa matumaini, na mama yake aliniambia zipu inapanda vizuri hadi katikati ya mgongo kisha inagoma. Jimu nyingine zote za mji huu zina picha mlangoni ya mwanamume aliyepakwa mafuta kama samaki anayesubiri kikaango. Mlango wako haukuwa na picha yoyote. Nikasema moyoni, hapa ndipo penye heshima. Hilo ndilo kosa langu pekee. Yanayofuata ni yako.

1. Hakuna kioo. Siku ya kwanza nilitafuta mahali pa kuweka tai yangu sawa, sikuona hata kipande. Nilipokuuliza mtu atajuaje kama amependeza, ulinijibu, "Bwana Fikri, hapa hatupendezi, hapa tunanyanyua." Jibu hilo nililisamehe papo hapo kwa kuwa ulikuwa umeshika chuma.

2. Hakuna mizani. Nilipoiulizia ulisema, mbele ya watu, "Ya nini? Kwani nauza vitunguu?" Matokeo yake ni kwamba binti akirudi nyumbani tunamuuliza amepunguza kilo ngapi, naye anatutajia kilo alizoongeza kwenye chuma. Nyumba nzima ikawa inapiga hesabu kinyumenyume, na mama yake akapiga vigelegele siku ambazo alipaswa kulia.

3. Umemkabidhi kwa Mama Sabri, muuza keki tamu za basbusa, mwanamke ambaye tukikutana mlangoni inabidi mimi nirudi barabarani kwanza. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba mtu ambaye hajakonda hawezi kumfundisha mwingine kukonda. Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "mimi sifundishi kukonda, nafundisha kubeba. Ukitaka kukonda nenda kaugue." Watu wakacheka hadi wakaweka vyuma chini. Nimeona pia kwamba kwako hupigiwa makofi yeyote aliyeweza leo kile kilichomshinda jana, awe mnene, awe mkavu kama mpini wa ufagio, awe yule bibi wa nyumba ya kona anayejifunza kuinuka sakafuni bila kushika kiti. Vijana wenye vifua vya kupigia picha wanaingia, hawatazamwi na mtu, wanaondoka wamenuna. Nakuuliza kama mtu aliyefanya kazi serikalini: huu ni utaratibu gani?

4. Jambo la nne nimelifuta baada ya mke wangu kulisoma.

5. Kabati letu la chumbani limekaa mahali pake tangu tulipooana. Ni kazi ya mafundi wa mji huu, na unajua mafundi wetu hawabanii mbao. Rabab amelisogeza ili afagie nyuma yake, peke yake, huku akiimba. Huko kulipatikana soksi, redio ndogo, na kanzu ya zambarau niliyopewa zawadi na mama mkwe wangu, ambayo nilimwambia iliibwa kwenye kamba ya nguo. Mama mkwe yu hai. Mtu huficha kitu nyuma ya kabati kwa sababu anaamini kabati haliendi popote, Kapteni. Umeniharibia imani hiyo.

6. Sasa nafika kwenye friji, na hapa naomba uvumilivu.

Siku ya kupeleka vyombo vya bibi harusi ilifika. Magari yalipiga honi, ngoma ikalia, majirani wakatoka kwenye roshani kuhesabu masufuria, yote kama inavyotakiwa. Nyumba ya maharusi iko ghorofa ya tano na jengo halina lifti. Upande wa bwana harusi walileta binamu wanne, wote wateja wa jimu ile yenye vioo vitatu na taa za buluu, mikono imetuna hadi haishuki ubavuni. Friji lilipofika ghorofa ya tatu, kwenye kona, likakwama. Mmoja akasema mgongo. Wa pili akasema ngazi hizi zimejengwa vibaya. Wa tatu akasema, "Ngojeni kwanza nipigwe picha." Wa nne sikumwona tena siku ile. Chini ya friji, akilizuia kwa bega lisiteremke, alibaki bwana harusi mwenyewe, Wagih, ambaye ni mwalimu wa jiografia na ana umbo la chaki.

Ndipo binti yangu, aliyetakiwa akae nyumbani kwa shangazi yake akitabasamu, akapanda zile ngazi. Akavua viatu. Akasema, kwa sauti ambayo sikumfundisha mimi, "Wewe Wagih pita juu, ushike huko. Chini niachie mimi. Mgongo unyooke, nyanyua kwa miguu. Haya!" Friji likapanda, Kapteni. Likapita kona, likapita ghorofa ya nne, na vigelegele vya wanawake vikakatika katikati kwa sababu hakuna aliyejua kama jambo hili hushangiliwa.

Mama wa bwana harusi, Hajati Tahani, alikuwa amesimama kwenye ngazi na sinia la peremende. Akauliza kwa sauti ya kusikika mtaani, "Huyu ni bibi harusi au hamali?" Naye Wagih, jasho linamchuruzika, uso unang'aa kwa furaha ambayo sijaiona hata siku ya posa, akamjibu, "Mama, sogea kidogo, friji linapita."

Tangu hapo hatuna amani. Hajati amekuja kwetu, amekunywa chai yetu, amesema harusi haiendelei mpaka ahakikishiwe. "Mwanangu ni mwembamba," alisema. "Siku wakikosana, huyu binti atamweka juu ya kabati, na nani atamshusha?" Nilimwongezea chai, maana nilikwisha kuliona kabati likitembea. Naye Rabab anampenda yule mwalimu, na mwalimu anampenda Rabab, na mimi nimekaa katikati nimeshika birika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, umrudishe binti yangu katika hali niliyomleta, ukimnyanyulisha vyuma vyepesi zaidi kila siku hadi afike kwenye kijiko. Pili, umfundishe kushindwa mbele ya mashahidi: usiku wa hina aangushe sinia la sharbati, aseme "Ah!" na amtazame Wagih. Mama Sabri anaweza kumsaidia kwenye "Ah!" kama aliwahi kuitumia. Tatu, umwandikie cheti. Nimekirahisisha kwa kukitunga mwenyewe kwa lugha ya ofisi:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba Rabab binti Fikri ni dhaifu kwa viwango vyote vinavyokubalika, kwamba friji lililotajwa lilikuwa tupu na lenye hiari, kwamba ngazi za jengo lile, ingawa huonekana zinapanda, kwa kweli zinateremka, na kwamba bwana harusi ndiye aliyebeba, huku bibi harusi akiegemea."

Ukishaweka sahihi, muhuri wa serikali, ule wenye ndege tai, nitautafuta kwa marafiki wangu wa zamani.

Nisalimie Mama Sabri pamoja na basbusa yake, nisalimie bibi wa nyumba ya kona na magoti yake, nisalimie hata vijana wa vifua kama bado wanapita. Mke wangu anakusalimu sana, zaidi ya ninavyoona inafaa.

Ni mimi, niliyenyooka mbele ya sheria na kuinama mbele ya wakwe,
Fikri Abdel-Gawad

N.B. Naandika nyuma ya karatasi kwa kuwa mbele pamejaa. Barua hii nilimpa Rabab ailete, bahasha sikuigundisha, akaisoma mlangoni kabla ya kutoka, akanirudishia. Nilidhani atafoka. Alisema tu, "Sawa, baba. Nitaangusha sinia." Usiku tulipokaa kula akaichukua chupa ya achari, akakunja uso, akajifanya imemshinda, akanipa. Na mabega yake, Kapteni, aliyashusha, akayakunja kwa ndani kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana wa shule, wenzake walipomcheka mwili wake na mimi nikamwambia anyamaze yatapita. Moyo uliniuma. Nilijaribu kuifungua ile chupa, sikuweza. Mama yake hakuweza. Tukakaa watu watatu tunaitazama chupa ambayo mmoja wetu angeifungua kwa vidole viwili. Tukala bila achari. Sitaki tena chakula kama kile nyumbani mwangu. Tafadhali uchane cheti changu, uandike chako: uandike kilo zote anazonyanyua, usipunguze hata moja. Hajati Tahani nitamsomea mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama.