Kilo Ishirini na Tano Hadi Darajani

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa gereji. Safari ya darajani ni Jumamosi. Kupima mizigo ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Nimelisoma mara tatu, kisha nikasahihisha makosa mawili kwa penseli. Nimesahihisha vitabu vya watu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne. Mkono hautaki kustaafu.

Niandike mambo kwa utaratibu. Chama chetu cha waendesha pikipiki za safari ndefu kina watu tisa, wote wastaafu isipokuwa fundi mwenye gereji. Mkuu wa msafara ni Mkunga. Amezalisha nusu ya mji huu, na nusu hiyo humpisha barabarani. Ndiye anayepima mizigo, kwa mizani ileile ya kuning'iniza aliyopimia watoto kliniki. Mizani hiyo inaishia kilo ishirini na tano. Kwa hiyo kikomo chetu ni kilo ishirini na tano. Sababu nyingine hakuna. Niliwahi kuuliza, nikaangaliwa vibaya.

Anayezidisha huacha pikipiki nyumbani na kupanda pikapu, pamoja na dereva tunayemwita Redio. Safari iliyopita, miaka mitatu sasa, nilikuwa mimi. Redio alizungumza kilomita mia tatu na sita bila kumeza mate. Kisha pikapu ikaishia kwenye kizuizi, maana daraja ni jembamba na magari hayafiki. Wenzangu wakamalizia kilomita nne kwa pikipiki. Mimi nikalinda madumu ya maji.

Ng'ambo ya daraja hilo ndiko nilikozaliwa. Nililivuka nikiwa na miaka kumi na tisa, mfuko mmoja mkononi. Kwa miaka mingi lilifungwa. Lilipofunguliwa, tayari nilikuwa na magoti haya. Kutembea kilomita nne, magoti hayasikii. Kwenda peke yangu, mke wangu hasikii. Basi ni pikipiki, ni msafara, ni Jumamosi hii. Safari nyingine ni baada ya miaka mitatu, na mwezi ujao natimiza sabini na miwili.

Mke wangu anasema jambo lenyewe jepesi: punguza mizigo. Yeye hajawahi kuondoka mahali akiwa na mfuko mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji amekuja kutamba. Huyu ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno mstaafu na mwanachama mwenzangu, na hununua vitu kwa seti. Safari hii ni masanduku matatu ya alumini, mawili ya pembeni na moja la nyuma, yote yanafunguka kwa ufunguo mmoja. Aliyafungua na kuyafunga mara tano mbele yangu. Alinionyesha mpira unaozuia maji kwenye ukingo kama vile alivyokuwa akionyesha watu ufizi wao.

Akataka kuona ya kwangu. Mimi nina mabegi mawili ya pembeni niliyoyashona mwenyewe kwa turubai lililokuwa likifunika mashine ya kuchapia. Imara sana. Shemeji akayazunguka, akayabonyeza, akauliza kwa upole kama punda mwenyewe yuko njiani.

Nikaenda dukani hapohapo. Nimenunua begi la kuweka juu ya tangi, lenye sumaku nne chini. Muuzaji aliapa linang'ang'ania kama kupe. Kwenye kona ya kwanza lilisogea. Kwenye kona ya pili lilinikalia mapajani. Kwenye kona ya tatu liliteremka lenyewe, mbele ya kituo cha polisi. Kumbe tangi la pikipiki yangu limefunikwa plastiki, na sumaku haina habari na plastiki.

Nimelirudisha. Muuzaji akaniuliza, mzee, hujui tangi lako limetengenezwa na nini? Nikamjibu kwamba nina miaka kumi na mmoja tu nalo.

Jumatano, 5 Juni

Leo zamu ya nguo za mvua. Kuna za vipande viwili, na kuna za kipande kimoja kinachomeza mtu mzima kutoka shingoni hadi vifundoni. Nimeazima za kipande kimoja kwa fundi. Lakini mtu makini hasadiki maneno ya mwenye mali. Nimeingia bafuni nikiwa nimevaa kila kitu, buti, glovu na helmeti, nikafungulia maji, nikasimama dakika ishirini, nikizihesabu kwa saa.

Binti yangu alikuja kuchukua sufuria zake. Akafungua mlango, akanitazama, akaurudishia. Nikamsikia akimwita mama yake taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. Mke wangu akaja. Akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko kazini. Akauliza kama kazi itaisha kabla ya chakula.

Matokeo: vazi halipitishi maji. Yaliyoingia shingoni hayakupata pa kutokea. Kila buti ilibeba lita nzima. Nimeandika: linafaa.

Mchana nimepima mizigo yangu yote. Kilo thelathini na saba. Nimepitia orodha kitu kimoja kimoja na sioni cha kuacha. Pampu. Koleo na spana. Mafuta ya mnyororo. Kebo ya klachi ya akiba. Chupa ya chai. Kamusi. Ndara. Pasi, kwa ajili ya shati nitakalovaa darajani. Mke wangu aliitoa pasi. Nikairudisha. Akaitoa tena. Nikamngoja aende kufua.

Alhamisi, 6 Juni

Siku njema kuliko zote. Nimesoma kanuni za chama tangu neno la kwanza, kama nilivyokuwa nikisoma kazi za watu, nikitafuta kilichokosekana. Nimekipata kifungu cha nne. Kinasema mizigo yote iliyofungwa kwenye pikipiki ipimwe. Kuhusu anachovaa mwendeshaji, kimya.

Jaketi langu la safari lina vilinzi vya viwiko na mabega, na mifuko tisa. Nimempelekea fundi cherehani aongeze saba kwa ndani. Akauliza kama nafungua duka. Nikamwambia ni mambo ya usalama barabarani. Akaweka na mmoja wa mgongoni, zawadi.

Kilo kumi na mbili na nusu zimeingia. Nimetembea nazo sebuleni, kutoka kabatini hadi dirishani. Mke wangu akauliza mbona natembea kama niliyebeba mlango. Nikasema mgongo. Hapo nilikosea, maana alileta dawa ya kuchua na kuniamuru nivue. Sikuvua. Tumekubaliana anichue shingo.

Jioni nimepita kwa Shemeji, kumjulia hali. Nilimkuta anahangaika. Masanduku yake matupu peke yake ni kilo kumi na tano. Alikuwa ameketi sakafuni, kiatu mkono huu, kiatu mkono ule, anachagua. Nikamwambia asijali, kila mtu hubeba kadiri ya akili yake. Akanitazama kwa muda, akauliza mbona nimenenepa tangu jana.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nimekalia mto.

Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya gereji saa kumi kamili. Mkunga alivaa miwani. Masanduku ya Shemeji yalifungwa pamoja kwa mkanda na kuinuliwa: ishirini na nne na gramu mia tisa. Shemeji akashusha pumzi. Mabegi yangu: ishirini na nne na gramu mia sita. Mkunga akanitazama juu ya miwani, akasema hongera mzee wangu, mwaka huu umekuwa mtu mzima. Niliona aibu kidogo. Kidogo sana.

Ndipo akatangaza jambo ambalo halimo katika kifungu chochote. Kila mtu apande pikipiki yake, azunguke uwanja mara moja, aone mizigo imekaaje.

Nikapanda. Mguu wa kulia ulichelewa, kwa sababu mfuko wa jaketi wa upande huo ulikuwa na spana. Nikakunja stendi. Pikipiki ikaegemea kushoto kidogo tu, kama inavyoegemea siku zote. Lakini kushoto ndiko kulikokuwa na kamusi, koleo na pampu, navyo vikaona vitangulie. Hatukuanguka kwa kishindo. Tulishuka polepole, mimi na pikipiki, na nilipata muda wa kumwomba fundi radhi kabla ya kufika chini.

Pikipiki haikuumia. Ililalia begi la turubai, na Shemeji ni shahidi. Mimi ndiye sikuweza kuinuka. Nililala chali, mikono imetanuka, kama kobe aliyepinduliwa. Ilibidi wastaafu wanne wanivute. Mmoja wao aliuliza huyu mzee ana nini ndani, saruji?

Mkunga alinisogelea. Alinivua jaketi kama anavyovuliwa mtoto, akalitundika kwenye ndoano. Mshale ukapita kumi, ukapita kumi na mbili, ukatulia. Kisha akaanza kutoa kitu kimoja kimoja, akikiweka mezani na kukitaja kwa sauti. Koleo. Kamusi. Ndara ya kwanza. Ndara ya pili. Watu walikuwa wanafuta machozi. Redio alimwomba arudie ya kamusi.

Akafikia mfuko wa mgongoni, akatoa pasi. Akaishika kwa mikono miwili. Akaniuliza, mzee wangu, pasi ya nini?

Nikasema ya shati. Akauliza shati gani. Basi nikawaambia, jambo ambalo miaka yote hii sikuwahi kuwaambia. Kwamba nilipovuka daraja lile shati langu lilikuwa limechanika begani, na nililishika kwa mkono huu ili lisinivuke mbele za watu. Kwamba watu wa upande huu walinipokea vizuri, ila kwa muda mrefu walinijua kwa shati lile. Kwamba mtu akirudi kutazama kwao baada ya miaka hamsini na miwili, angalau awe amenyoosha nguo.

Hakuna aliyecheka. Hata Redio alinyamaza, na jambo hilo naliweka kwenye kumbukumbu.

Mkunga akasema maneno mazuri hayo, lakini kanuni ni kanuni. Jaketi liende tupu, au mzee apande pikapu. Alinipa dakika tano. Redio akaanza kufuta kiti cha abiria.

Nilitazama meza ile. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimepangwa kama vya mtu anayehama. Nikachukua jaketi tupu, nikalivaa. Lilikuwa jepesi hata nikajisikia uchi.

Shemeji akafungua sanduku lake la nyuma. Akatoa viatu vyake vya jioni, vile vya ngozi alivyovichagua jana kwa taabu, akavikabidhi kwa fundi avitunze. Akachukua pasi yangu, akaiweka mahali pao, akafunga. Masanduku yakapimwa upya, yakapita. Nikafungua kinywa kushukuru. Akasema usijisumbue, shem, nitapiga picha karibu na wewe, sitaki kuaibika.

Jumamosi, 8 Juni

Kilomita mia tatu na sita. Sijawahi kuendesha hivi. Kwenye kona pikipiki inalala na kuinuka yenyewe, kama inayotoka usingizini. Sikujua inaweza. Kioo cha mbele kilikata upepo, jua lilikuwa la wastani, na ndani ya helmeti niliimba nyimbo nzima bila mtu kunisahihisha. Mvua haikunyesha. Nililivaa vazi la mvua hata hivyo, kwa kilomita ishirini, ili lisionekane limebebwa bure.

Nyumba ya wageni, pale kwenye kizuizi, ni safi. Chumba ni changu na Shemeji. Nimepiga pasi juu ya meza, taulo chini. Shemeji alishika kola ili isijikunje. Alinifundisha namna ya kushika mikono ya shati, kana kwamba mimi sijui. Nilimwacha.

Jumapili, 9 Juni

Nimefika.

Daraja ni jembamba kuliko nilivyokumbuka. Nimeendesha taratibu juu yake hadi katikati, kwenye mstari mweupe wa mpaka, nikazima injini. Nikavua jaketi. Upepo wa mto ulilikunja shati langu kabla sijahesabu kumi. Sikujali.

Upande wa pili palikuwa na mwanamke anaanika nguo. Pia tangi la maji, jipya, la buluu. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mlima mdogo, na mlima upo. Nilisimama dakika saba, kwa saa ya Shemeji.

Akaniuliza kama pako vilevile. Nikasema mto ulikuwa mpana zaidi. Akasema mtu akiwa na miaka kumi na tisa kila mto ni mpana. Nilitaka kukasirika. Haikuja.

Mkunga alipiga picha. Nimetoka nikiwa nimefumba macho, lakini wote wanasema ni mimi.

Jumatano, 12 Juni

Nimetafakari kwa siku mbili, na sasa naliona kosa lilipokuwa. Uzito haukuwa na ubaya wowote. Ulikaa mahali pasipofaa, basi.

Safari ijayo sitaishia katikati. Nitavuka, na sitavuka kama mgeni wa dakika saba. Kutahitajika kiti cha kukunja, birika, zawadi za watu wa huko, na vitabu vichache, tuseme arobaini. Nimepata tangazo la trela ndogo ya kuvutwa na pikipiki. Inabeba kilo themanini. Kifungu cha nne hakitaji trela popote. Nimekisoma tena asubuhi, na kwa uangalifu.

Kuna jambo moja tu. Trela ina upana wa mita moja na sentimita sabini. Daraja nililipima kwa hatua, ni mita moja na nusu.

Nimemwandikia barua mkuu wa barabara, kumwomba alipanue. Ni aya tatu. Nimeisoma kuanzia mwanzo na kuanzia mwisho, na sijaona kosa lolote.