Maktaba Yenu Imekula Watu Watano wa Ukoo Wetu

Makongoro Silasi,
Fundi wa injini za mitumbwi,
Bweri, Musoma.

Kwa Ndugu Wasimamizi wa Maktaba ya Lugha ya Zelo, huko mliko.

YAH: KUPOTEA KWA WATU WATANO NDANI YA MAKTABA YENU

Ndugu Wasimamizi, poleni na kazi. Mimi ni mzima. Injini tatu ziko mezani zinanisubiri, nimeziacha kwa ajili yenu. Fomu yenu ya kupokea makosa inaruhusu herufi mia tano. Nilijaribu, zikaishia kwenye salamu. Ndiyo maana naandika barua.

Kompyuta sikuisomea chuo. Lugha yenu ya kuandikia programu nilijifunza kwenye simu, miezi kumi na minne, nikisubiri wavuvi wa Mugango waniletee injini mbovu. Programu yangu ya kwanza ni ya kuhifadhi majina ya ukoo. Anayeyajua yote hadi kizazi cha saba ni mmoja tu, bibi yangu mzaa baba, Gaudensia wa Nyegina, miaka tisini na moja. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa hiyo kichwa cha Bibi ndiyo ofisi yetu ya vibali. Nikaona ofisi hiyo iwe na nakala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maktaba yenu, yaani zile amri mlizotuandikia tayari tuzitumie, ikifungua faili, inaifuta. Mwezi Machi Bibi alinitajia majina Jumapili tatu. Programu ikahesabu 214, nikaitangaza hesabu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikapongezwa. Wiki iliyofuata akazaliwa mtoto huko Bunda, nikafungua faili nimwongeze. Maktaba ikafuta wote kwanza, kimya kimya, ndipo ikamwandika yeye. Ukoo wa vizazi saba ukabaki mtoto wa siku nne, hana baba wala mama. Mimi nikifungua injini ya mtu, pistoni hazipotei. Ninyi mnafunguaje?

2. Haitambui watu. Agosti nilirudi kwa Bibi na kilo mbili za sukari, akakubali kuanza upya. Safari hii kila mtu nikampa faili yake yenye jina lake, ili wasipotee wote kwa mpigo. Sasa kwetu mtoto anarithi jina la bibi au babu, na tunao kina Nyangi tisa. Alipoingia Nyangi wa pili, maktaba ikamfuta wa kwanza. Alipoingia wa tatu ikamfuta wa pili, hadi akabaki wa tisa, ambaye yuko darasa la pili. Haikuuliza hata kama huyu si tunaye tayari. Ikabidi niwaandike upya kwa namba, na tangu hapo shangazi yangu, Nyangi 7, hanisalimii, kwa sababu mdogo wake ni Nyangi 4.

3. Inakula watu. Hili ndilo kubwa. 214 ukijumlisha mtoto wa Bunda ni 215. Faili zilizopo ni 210. Nimehesabu mara tatu, moja nikiwa nimefunga kula. Watano hawapo. Hiyo ni zaidi ya asilimia mbili. Mkiachiwa Tanzania nzima mtameza watu milioni moja na laki nne.

Na haya si mahesabu tu. Adventina, niliyemlea mwenyewe, mtoto wa marehemu kaka yangu, ameposwa na Ryoba, mwalimu wa Butiama. Jumamosi wazee wanathibitisha kwamba hao wawili si wa ukoo mmoja. Mwenyekiti wetu, Mzee Yusto, anaikumbuka ile 214, na amesema orodha yenye mashimo haiwekei mkono, huenda mkwe katokea kwenye shimo. Gauni limeshashonwa.

4. Fomu yenu inadai "hatua za kulirudia kosa". Pandeni bodaboda hadi Nyegina. Bebeni sukari. Msikilizeni Bibi Jumapili tatu bila kugusa simu. Kisha hesabuni. Kosa litajitokeza lenyewe.

Kwa heshima naomba hao watano warudishwe kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, mtu wenu aje awaeleze wazee kwa mdomo wake. Na kwa muda ambao wako kwenu, muwatunze, wana ndugu.

Wasalimieni wote wa ofisini, na yule aliyenijibu mwaka jana kwamba suala langu jingine linashughulikiwa. Mwambieni bado nasubiri, sina haraka.

Wenu katika kufungua na kufunga,
Makongoro Silasi

Nyongeza: Kabla ya kuituma, nilimpelekea Bibi aiwekee dole gumba kama shahidi. Kuhusu namba 1, njiani nilisoma mwongozo wenu: ukurasa wa pili unaeleza herufi ya kuandika upya na herufi ya kuongezea. Nilitumia ya kwanza. Kuhusu namba 2, majina ni yetu, si yenu. Nilipomsomea namba 3, Bibi alicheka hadi akaweka chini kikombe cha uji. Machi hakukuwa na habari ya posa; Agosti ilikuwepo. Hao watano ni mtu mmoja aliyekuja kwetu mwaka wa nzige, akapewa jembe na jina la ukoo, pamoja na wanawe wawili, mjukuu wake, na mama yake Ryoba, wa uzao huohuo.

"Alikuwaga anakula kwetu, hakuzaliwa kwetu," Bibi akasema. "Mashine yako haijala mtu. Nimewaacha mimi."

Jana nimemweleza Mzee Yusto kwamba uongo ulikuwa kwenye ile 214: maktaba yenu ilihesabu watu hewa watano. Akatikisa kichwa, akasema kompyuta ndivyo zilivyo, akaweka mkono. Kwa hiyo nawaomba sana, kosa namba 3 msilirekebishe. Na mzee akiwaandikia kuuliza, mjibuni kama mlivyonijibu mimi: linashughulikiwa.