Ovaroli Isiyofuliwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimenyang'anywa kiti.

Miaka kumi na tisa nimekaa kiti cha mbele, karibu na mlango, kwenye basi la mashabiki wa Nyumbu, timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani. Kila mechi ya ugenini. Mvua, jua, vipigo vya aibu, mimi nipo pale pale. Leo asubuhi, kwenye kifungua kinywa cha chama pale mgahawani kwa Dot, mwenyekiti wetu Hollis Tidwell akasimama, akafuta yai kwenye masharubu, akatangaza kwamba Jumamosi tukienda Granby, kule Tennessee, kiti hicho atakaa Ndugu Wendell Crabtree. Wakapiga makofi! Na mimi nilipiga, maana walikuwa wananitazama.

Wendell ni jirani yangu. Alihamia hapa Ocheola miaka minne iliyopita akitokea Ohio, mfamasia mstaafu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu kapewa kiti changu. Na kwa sifa gani? Ovaroli! Mechi ya kwanza ya msimu alivaa ovaroli ya bluu, vijana wa chuo wakashinda. Akaapa hataifua mpaka tufungwe. Sasa tumeshinda sita mfululizo, jambo ambalo sijaliona tangu nikiwa na nywele, na mji mzima unaamini ovaroli ndiyo inayocheza. Vijana wanavunjwa mbavu uwanjani, sifa zinakwenda kwa nguo chafu.

Mimi simwonei wivu. Nasema tu ukweli.

Jumanne, 15 Oktoba

Mji umepagawa. Madirisha ya maduka yamepakwa rangi zetu, kijani na njano. Timu ya Granby inaitwa Kunguru, basi Dot kaandika ubaoni kwamba wiki hii kuku wake wa kukaanga ni kunguru. Watu wanamla kwa hasira.

Nilimfuata Hollis dukani kwake, kwenye mbegu na chakula cha mifugo. Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayejali afya za wenzake, kwamba basi lile halifunguki madirisha na Tennessee ni safari ya saa nne. Na ovaroli ile, mwenyekiti, inanuka. Nikataja mapafu ya wazee. Hollis akatikisa kichwa, akakubali kwamba kweli inanuka. Nikajua nimempata.

Halafu akasema nimempa wazo zuri. Atakayekaa jirani na ovaroli ndiye atakayepata baraka nyingi zaidi, kwa hiyo kiti cha pili kitapigiwa kura. Kufika saa sita mchana watu kumi na mmoja walikuwa wameandika majina. Mmoja wao ni Nadine. Nadine ni mke wangu.

Jioni nikajaribu kofia. Ni kofia ya marehemu baba, aliyoivaa mwaka tulipotwaa ubingwa wa kanda. Nikaiweka juu ya meza kwa Dot nisiseme neno, niiache ijieleze. Hollis akanikumbusha taratibu kwamba msimu uliopita niliivaa mimi kila mechi, na kwamba tulifungwa tisa. Wakaniomba Jumamosi niiache nyumbani, kwa tahadhari tu.

Wamenitoa nishai mbele ya kunguru wa kukaanga.

Jumatano, 16 Oktoba

Sawa. Namwonea wivu. Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Namwonea wivu bustani yake, majani yamelala yote upande mmoja utadhani yamechanwa. Namwonea wivu mbavu zake za nguruwe za kuchoma kwa moshi. Zaidi ya yote namwonea wivu jinsi watu wanavyomwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Ndugu Wendell! Vipi, tunawamaliza Jumamosi?" Mimi nimewatengenezea mashine za kukatia nyasi miaka thelathini, na wakiniona wanapaza sauti, "Doyle, ile mashine yangu bado tu?"

Lakini nina mpango.

Mkewe Wendell haruhusu ovaroli kuingia ndani. Inaning'inia kwenye msumari, kibarazani nyuma. Leo saa nne Wendell anakwenda kwa daktari wa meno, mkewe anamwendesha. Nitaruka uzio. Si kuiba! Kuificha tu. Jumamosi ataitafuta, ataikosa, basi litaondoka saa moja asubuhi kama kawaida, Hollis atatupa macho huku na huku, na atakayemwona amesimama na mkoba wake karibu na kiti cha mbele ni mimi. Jumapili nairudisha msumarini. Nani kaumia?

Baadaye. Tayari! Suruali imechanika kwenye uzio, si kitu. Niliibeba kwa ncha za vidole, uso nimeugeuzia pembeni. Na nimeificha wapi? Chini kabisa ya kapu letu la nguo za kufua. Nguo chafu kati ya nguo chafu, nani ataishtukia? Wakati mwingine najishangaa kwa akili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nadine amefua.

Hakuna aliyemtuma. Aliikuta, akadhani ni yangu ya karakana, akaona haya kwamba amemwacha mume afike hali ile. Akailoweka, akaitia dawa ya madoa, akaizungusha kwenye mashine mara mbili. Nimeikuta imekunjwa juu ya kitanda. Inanukia poda ya mtoto.

Nilikaa sakafuni.

Hapa lazima niandike jambo. Nina miaka hamsini na minane, nasoma Biblia, nalipa kodi, na naiamini ovaroli ile kwa moyo wangu wote. Mechi sita! Na kule Granby hatujashinda tangu mwaka wa 1988. Nilitaka Wendell atoke kwenye kiti. Sikutaka Nyumbu wafungwe. Tukifungwa sasa, ni mimi.

Na nje huko ni msiba. Wendell aligundua jana jioni kwamba haipo. Leo kifungua kinywa hakikulika, Hollis aliomba dakika moja ya kimya, mchungaji akasali. Saa tano Wendell akanigongea mlango, macho mekundu, akauliza kama nimeona mtu yeyote kibarazani kwake. Nikasema niliona mbwa. Mbwa gani? Mkubwa, nikasema. Wa mtaa mwingine. Akanishukuru. Akaniachia sahani ya mbavu, kwamba alikuwa amezichoma kwa ajili ya safari lakini hana hamu tena. Nilizila zote. Ni tamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikamwambia Nadine kila kitu. Akaweka pasi chini.

"Doyle," akasema, "miaka thelathini na minne nakufulia. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona unalilia doa."

Lakini akachukua aproni. Gazeti la mji lilitoa picha kubwa ya Wendell baada ya mechi ya tano, ya rangi. Tukaibandika ukutani karakanani, tukaanza kazi. Haradali kifuani kushoto, mechi ya kwanza. Mchuzi wa mbavu gotini. Udongo mwekundu matakoni, siku ile alipoteleza kwenye tuta. Nilianza na haradali, ikatoka kama ramani ya Florida. Nadine akaninyang'anya brashi, akaipaka yeye, na nakiri mkono wake ni mwepesi. Mfukoni kulikuwa na doa moja hatukulijua. Yeye alisema ni mafuta ya kuku, mimi nikasema ni oili. Tukatia oili, kwa kuwa karakana ni yangu.

Ilibaki harufu. Tuliifunga pamoja na vitunguu vilivyooza na maji ya karanga za kuchemsha, kisha tukamlaza mbwa wetu juu yake mpaka chakula cha jioni. Mbwa alihama mwenyewe.

Ijumaa, 18 Oktoba

Alfajiri niliisukumia chini ya ngazi za kibaraza chake, nusu ndani nusu nje, kama kitu kilichoburutwa na mbwa mkubwa wa mtaa mwingine. Saa mbili nikasikia yowe. Nikatoka kushangaa.

Wendell alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyepatikana. Akaisogeza puani. Akavuta pumzi ndefu. Mimi yangu nilikuwa nimeizuia.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Kanikumbatia, na ovaroli iko katikati yetu. Kisha akatangazia mtaa mzima kwamba Doyle Stubblefield ndiye aliyewaelekeza kwa mbwa, bila Doyle tungeangamia. Hollis akanipigia simu kunishukuru kwa niaba ya chama. Akaongeza kwamba viti vya nyuma vimepigiwa kura na mimi nimepata cha ishirini na sita.

Cha ishirini na sita kinapakana na choo. Na kiti cha pili, karibu na Wendell, kimemwangukia Nadine. Bahati yao.

Jumamosi, 19 Oktoba

Saa nne za kwenda, mlango wa choo ulinigonga bega kila kona. Huko mbele walikuwa wanaimba. Nilimsikia Nadine akicheka kitu alichosema Wendell, kicheko ambacho mimi sijakipata tangu tulipobadilisha jokofu.

Uwanja wa Granby umejaa mpaka juu, watu elfu hamsini wamevaa nyeusi, wanalia kama kunguru kwa pamoja. Sisi tuko pembeni kabisa, kipande kidogo cha kijani. Mpira sitausimulia, kifua hakiruhusu. Niseme tu kwamba zikibaki sekunde nne tulikuwa mbele ishirini kwa kumi na saba, na mpigaji wao akasogea kupiga teke la pointi tatu, la kusawazisha. Nilifumba macho. Niliahidi Mungu kwamba nitakiri, nitarudisha kila mashine iliyolala karakanani, nitampenda Wendell. Nikasikia mpira ukigonga mlingoti wa goli. Nikafumbua macho. Ulianguka nje!

Nililia. Wanaume wazima walikuwa wanalia, sikuwa peke yangu.

Halafu, kule nje kwenye maegesho, nikaona wamembeba Wendell mabegani. Watu wamepanga foleni kuigusa ovaroli. Wanagusa haradali. Haradali ya Nadine! Bibi mmoja mwenye fimbo aliinama akabusu doa la mfukoni, oili yangu mimi, ya mashine ya kukatia nyasi, tena iliyotumika. Na sifa zote kabeba mtu wa Ohio.

Ahadi kwa Mungu nimeifikiria upya. Niliahidi nikiwa nimefumba macho.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa napiga hesabu. Madoa ya Wendell yameshinda mechi sita, nne kati yake nyumbani, dhidi ya timu ambazo hata kwaya yetu ingezifunga. Madoa yangu yamecheza mara moja tu, Granby, na yameshinda. Ni yapi makubwa?

Nikamnong'oneza Nadine wakati wa wimbo. Akaninong'oneza, "Nyamaza, Doyle. Siri ni ya mtu mmoja, na sisi tayari tuko wawili."

Kweli. Nitanyamaza. Nitakwenda na siri hii kaburini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikunyamaza.

Kosa si langu. Kwenye kifungua kinywa cha chama, Nadine akiwa kando yangu, Wendell alisimama kushukuru, kwa unyenyekevu, mtu anayeudhi, akasema yeye si chochote, ni ovaroli tu. Makofi. Kijiba cha roho kikanikaba. Kabla sijajua nimesimama na mimi, nimesema yote. Uzio, kapu, sabuni, gazeti, vitunguu, mbwa. Hakuna aliyetafuna. Nikamalizia kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni, kwamba kwa hiyo, ndugu zangu, ushindi wa Granby ni kazi ya mikono ya... na hapo nikasita, ili walitaje jina wenyewe.

Hollis akaweka uma chini.

"Nani aliifua?"

Nikasema Nadine.

"Haradali alipaka nani?"

Nadine, nikasema, lakini oili...

"Kumbe ni Bi Nadine," akasema Hollis, akainuka na kofia mkononi. Wakainuka wote. Wendell mwenyewe akaenda akamshika Nadine mikono miwili, akasema ngozi ilikuwa inamwasha tangu mechi ya tatu, anamshukuru kutoka moyoni, na kwamba hajawahi kuona haradali imepakwa vizuri kiasi kile. Ikapitishwa hapo hapo. Kila Alhamisi Nadine ataifua ovaroli na kuipaka upya kwa mkono wake. Kiti cha mbele ni chake. Wendell amekitoa kwa hiari, atakaa cha pili.

Likaja suala la mtu anayeruka uzio wa wenzake. Wengi walitaka nifukuzwe chamani. Wendell akanitetea. Alinitetea! Akasema Doyle ana mapenzi makubwa na timu, yamemzidi tu. Nimesamehewa kwa ajili yake, na hakuna kitu kimewahi kunichoma kama msamaha ule. Nabaki na kiti cha ishirini na sita, na funguo za choo.

Jumanne, 22 Oktoba

Simu ya nyumbani haipumziki, na si yangu hata moja. Wanawake watatu wamekuja kuuliza ni sabuni gani. Mpiga picha wa gazeti amemsimamisha Nadine karakanani kwangu, mbele ya benchi langu, ameshika brashi yangu, na mimi nikaombwa nisogee kidogo, kivuli changu kinaingia. Barabarani wanamwita, "Bi Nadine! Jumamosi vipi?" Naye anawapungia mkono kama aliyezaliwa nao.

Mke wangu mwenyewe. Ninayekula naye meza moja. Usiku wa jana nililala nimempa mgongo, na hata hakugundua, alikuwa anafikiria haradali.

Sasa nimekwisha kupanga. Alhamisi saa kumi Nadine ana kwaya. Ovaroli itakuwa imelowekwa. Nitaifua mimi kabla hajarudi, nitapaka kila doa kwa mkono wangu, kisha nitaikunja kama anavyokunja yeye. Jumamosi tukishinda, nitasimama niseme ukweli wote.

Tukifungwa, alifua Nadine.