Wanaocheka Nyimbo Zangu za Majonzi

Kwa Mwenyekiti wa Kata,
Patan.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima na taadhima, mimi Dhanlal Gandharba, mpiga sarangi wa mitaani, niliyerithi zeze hili kwa baba pamoja na sauti ambayo baba mwenyewe aliikana, naiomba ofisi yako inilinde dhidi ya wananchi wako. Mambo ya jana peke yake yanatosha kuwa ushahidi.

1. Asubuhi niliimba mbele ya kibanda cha chai cha Batuli wimbo wa askari anayefia ugenini. Kwingine watu wazima huulilia. Batuli aliniletea bakuli la mchele wa kubonda na maziwa mgando, akasema, "Kula kwanza, kaka. Kumbe njaa inakuuma hivyo!" Nilikula chote kwa uchungu, nikaongezwa.

2. Mchana niliurudia penye mabomba ya mawe, wanawake wakifua. Mbwa wa pale akajiunga nami. Sauti yangu ilipokwama, yeye aliendelea nayo. Wakamshangilia mbwa! Tangu hapo tunaongozana, na sijui nani anamfuata nani.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jioni, nikiwa nimezama katika sanaa, nilisimama chini ya dirisha la Mama Hiradevi, nikauimba tena wimbo ule ule. Nilisahau kabisa kwamba amefiwa na mumewe, na kwamba nyumba yenye msiba haipigiwi ala mwaka mzima. Mwanawe alitoka na nguo zake nyeupe za msiba, akanijia kwa hasira.

"Huna haya, Dhanlal? Mama hajasema neno tangu tuuchome mwili wa baba, nawe unatuletea zeze?"

Nilitaka kuomba radhi, lakini mbwa alikuwa hajamaliza ubeti. Mara dirisha la juu likafunguka.

"Wee Dhanlal!" mjane akaita. "Mwachie mbwa aimbe, wewe mpigie zeze tu!"

Akacheka, Mwenyekiti. Akacheka mpaka akashikilia dirisha asianguke. Mwanawe akakaa kizingitini, akalia kama mtoto. Mimi nikabaki katikati na uta wa zeze mkononi, bila hata mmoja wa kunisikiliza.

Kwa hiyo naomba wakazi wote wapimwe masikio, wanaocheka wapewe onyo la maandishi, mbwa ahamishiwe kata nyingine, na mke wangu, anayedai kwamba mbwa ndiye mwenye kipaji, aitwe kujieleza mbele ya baraza.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa baraza, na yule karani wako anayefunga madirisha kila akiniona.

Wako mtiifu, mwenye sauti iliyojeruhiwa,
Dhanlal Gandharba

Baada ya sahihi: Nikiwa nafunga bahasha, Sunkesari, mkwe wa Mama Hiradevi, amebisha hodi. Anasema jana mama alikula wali akashiba, na leo ananiita. Mwanawe ameruhusu, mradi kuhani asijue. Mama anasema ikiwa wimbo wangu wa msiba ulimchekesha, basi leo nimwimbie wa harusi. Huenda akapata kulia, maana tangu msiba chozi halijamtoka. Tafadhali, Mwenyekiti, usimpime mtu masikio. Nachelewa.