Uzinduzi wa Sanamu ya Mboje, Barabara ya Ngulyati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Katibu Kata ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa mwakilishi wa wanunuzi wa pamba, wazee, wanakwaya, vijana wa baiskeli, na wewe Mama Precious, mjane wa shujaa wetu, uliyetuazima mbeleko ya mwanao ili tuifunike sanamu: mwadila. (Mwadila, baba.)

Ndugu wananchi, katika zama hizi za soko huria, ambapo hata pamba ya Ngulyati inachagua mnunuzi, mimi kama Mratibu wa Michezo nisingeweza kuketi nikitazama mwanamichezo anasahauliwa. Ndiyo maana ofisi yangu, kwa ubunifu wangu, ilifanya fizibiliti, ikaunda kamati ya sanamu, ikaunda na kamati ya kuisimamia kamati hiyo, na leo natamka kifua mbele kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na tisa. (Makofi. Mzee Masunga: "Hiyo moja iliyobaki ndiyo sanamu.") Ni kweli, mzee wangu. Sanamu ni komponenti ndogo.

Marehemu Mboje, kabla homa haijamchukua mwaka jana, aliwaacha nyuma vijana wa mjini na baiskeli zao za gia, yeye akiwa na baiskeli nyeusi ya kubebea pamba, na hapa ndipo alipokuwa akiiegemeza apumzike. (Mtu anapita na baiskeli, anapiga kengele.) Asante, kijana, mapokezi haya nimeyazoea. (Kicheko.) Mnacheka nini? (Mama Precious: "Si wewe, mheshimiwa. Anamsalimu Mboje. Kila apitaye hapa hupiga.") Naam, na huo ni mkakati wa ofisi yangu.

(Mama Precious, mtoto analia begani: "Mheshimiwa, mimi sanamu sikuiomba. Greda la barabara linakuja wiki hii, watapasawazisha hapa. Nilikuomba useme mbele za watu kwamba litapita pembeni, huyu mtoto akikua nimwonyeshe baba yake alipokuwa anakaa.") Vuta subira, mayu. Suala la greda ni mtambuka, linahitaji semina ya wadau, kisha warsha ya kuipitia semina... ("Sema tu, baba. Mtoto kachoka, na mimi nimechoka.") Mnaonaje, wananchi? (Watu wanainamisha vichwa. Hata mwakilishi wa wanunuzi anatazama viatu vyake.)

Haya. Karani, andika: greda lipite pembeni. (Vigelegele virefu.) Kumbe hata sentensi fupi hupigiwa vigelegele.

Michezo ni afya! (Afya!) Kamati ni maendeleo! (Kikohozi.) Basi, kwa mamlaka niliyopewa, navuta mbeleko. (Anavuta. Kichuguu.)

Kabla sijaketi, shukrani. Namshukuru Mama Precious kwa mbeleko, mrudishieni ambebe mtoto, na kwa jina la MBOJE ambalo naona ameliandika hapa kwa chokaa, kwa mkono wake mwenyewe, nasi tutaliingiza kwenye taarifa kama awamu ya kwanza. Na kwa kuwa mchongaji hakuwahi kutafutwa, wala kamati zile hazijawahi kukutana, nawashukuru kwa dhati mchwa wa kichuguu hiki, wakandarasi pekee waliofika eneo la mradi na kufanya kazi.

(Kengele ya baiskeli. Safari hii mheshimiwa anavua kofia.)